Kiti cha Pembe: Uhakiki wa Sofa ya Ngozi katika Sebule ya Kindu

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia kilichoandikwa. Riwaya, tamthilia, tenzi na mashairi ndiyo yaliyopewa nafasi, na hata fasihi simulizi ilipokaribishwa, ilikaribishwa baada ya kunukuliwa na kupigwa chapa. Vitu vilivyomo ndani ya nyumba ya msemaji wa Kiswahili, yaani kitanda, kabati, meza na kiti, vimeachiwa wanaethnografia na wauza samani. Makala hii inakusudia kukihakiki kitu kimoja cha aina hiyo: sofa ya pembe iliyovikwa ngozi, ya mtindo uliochipuka Ulaya na Marekani baina ya miaka ya 1940 na 1960, kama inavyotamaniwa na kuigwa katika mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema.

Huenda ikaulizwa kiti kina nini cha kuhakikiwa. Jibu ni kwamba kiti, sawa na shairi, kina fani na kina maudhui, na kinamtaka anayekitumia akae kwa namna fulani. Kinamwambia nani awe karibu na nani, nani atazamwe, nani ainuke mwingine akiingia. Mzozo wa zamani wa wahakiki kuhusu kama fani ni kikombe na maudhui ni chai ungalikwisha mapema kama wahusika wangalitazama walichokalia. Hakuna awezaye kukimimina kikao kutoka katika kiti kimoja na kukitia katika kingine kikabaki kilekile.

Umbo la sofa hii ni jepesi kulieleza. Ni viti virefu viwili vinavyokutana kwa pembe mraba, vyenye migongo mifupi, mito iliyokatwa kwa mistari iliyonyooka, na miguu myembamba ya mbao au chuma inayoacha nafasi ya ufagio kupita chini. Nakshi hakuna. Sofa aliyoibuni Florence Knoll mwaka 1954 ni mfano mzuri wa ukavu huo wa mistari. Ile ya ngozi ya Børge Mogensen wa Denmark, ya mwaka 1962, ni mfano wa ukavu uliolainishwa kwa ngozi nzuri. Wazo la kuigawa sofa katika vipande vinavyoweza kuunganishwa na kutenganishwa, ambalo bila hilo sofa ya pembe isingalienea, lilifanyiwa kazi na Harvey Probber huko Marekani katika miaka ya 1940. Hata jina la jumla la mtindo wenyewe, linalouita usasa wa katikati ya karne, lilikuja nyuma: lilienezwa na kitabu cha Cara Greenberg cha mwaka 1984, wakati vitu hivyo vilikuwa vimekwisha kuzeeka na kuanza kutafutwa upya. Kwa hiyo usasa unaozungumzwa hapa ni usasa wa kukumbukwa.

Pembe ndiyo kiini cha fani hiyo. Katika chumba cha pande nne, pembe ni mahali palipokufa. Huwekwa mtungi, mwavuli au kabati. Sofa ya pembe inapafufua. Aidha inawaweka watu katika uhusiano usiokuwapo katika viti vingine: hawatazamani ana kwa ana kama wapatanishi, wala hawakai bega kwa bega kama abiria wa garimoshi, bali wanatazamana kwa upande, kwa mraba. Mtu anaweza kumtazama mwenziwe, na anaweza kutomtazama bila kumtukana. Hili si jambo dogo, na litarejewa.

Kabla ya kuingia ndani ya nyumba inafaa kuyapitia maneno, kwa kuwa katika suala hili maneno yamesafiri kuliko samani. Neno la Kiarabu suffa, lenye maana ya ukumbi au mahali palipoinuliwa pa kukalia, ndilo lililopitia Kituruki na lugha za Ulaya likawa sofa. Mwanachuoni wa Kasongo, katika eneo lenye jamii kongwe na kubwa ya Waislamu wa Kongo, hahitaji kamusi ya Kiingereza ili kulitambua: ahli suffa ni wale masahaba maskini waliokaa katika ukumbi wa msikiti wa Mtume Madina, wasio na nyumba wala mali. Neno lililoanza na wasio na pa kulala limeishia kutaja kitu ambacho mwenye nyumba hununua baada ya kumaliza kununua vingine vyote.

Safari ya diwani inapendeza zaidi. Kwa Waajemi lilikuwa daftari, kisha ofisi inayotunza daftari, kisha kikao cha watawala. Wafaransa walichukua viti vilivyozunguka kuta za kikao hicho, na divani yao ikawa kiti kirefu. Waswahili walichukua watu na vitabu: diwani wa halmashauri, na diwani ya mashairi. Baraza lilifuata njia hiyohiyo kwa upande wa pili, kwani lilianza na kiti cha mawe mbele ya nyumba likawa mkutano, na kutoka mkutano likawa taasisi ya serikali. Lilipofika Maniema katika nusu ya pili ya karne ya 19 pamoja na misafara ya akina Tippu Tip, lilikuwa bado na harufu ya mawe hayo. Wabelgiji waliokuja baadaye walilichukua katika Kifaransa chao cha Kongo wakaliandika barza, na maana yake kwao ilikuwa ukumbi wa nje wa nyumba, uliofunikwa paa, ambapo bwana hupunga upepo jioni. Hivyo neno lililotaja mahali pa watu wengi likatumiwa kutaja mahali pa mtu mmoja na gilasi yake. Hata hivyo halikukubali kubaki hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, viongozi wa makabila ya Kivu Kaskazini walipounda chombo cha kusuluhisha migogoro, walikiita Barza, kwa tahajia ya Wabelgiji na kwa maana ya Waswahili.

Katika Kiswahili cha Kindu, kile ambacho wazungumzaji wa Bara na Pwani hukiita kochi huitwa fotei, kutokana na Kifaransa, na seti nzima ya viti vya kupokelea wageni huitwa saloni. Mtu hununua saloni, fundi hutengeneza saloni, saloni huharibika. Jina la chumba limehamia kwenye viti vyake. Kiswahili sanifu hakikulipokea fotei, na hili si jambo la kushangaza. Lakini saloni, kwa maana hii, lina ujuzi ambao sebule halina: linasema kwamba chumba si kuta zake, na kwamba familia iliyohama na viti vyake imehama na chumba chake. Kwa watu waliopitia vita vya miaka ya 1996 hadi 2003, na waliohama zaidi ya mara moja, huo si mchezo wa maneno.

Sasa ndani ya nyumba. Kiti cha Kizungu hakikuingia katika nyumba ya Mkongomani kama bidhaa tu, kiliingia kama mtihani. Mwaka 1948 serikali ya Kibelgiji ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia kwa Waafrika walioonekana kuwa wamestaarabika, na mwaka 1952 ikaongeza amri ya uandikishaji, ambayo ingempa mwombaji baadhi ya haki za kisheria za Mzungu. Ili kuipata hati hiyo haikutosha kujua kusoma na kuwa na kazi ya ukarani. Wakaguzi walifika nyumbani. Walitazama vyumba, vitanda vya watoto, uma na visu, usafi wa choo, namna mke anavyokaa mezani na mumewe, na viti. Mpaka mwaka 1958 hati za uandikishaji zilizotolewa katika nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni kumi, zilikuwa 217. Patrice Lumumba, ambaye alipokuwa kijana alifanya kazi Maniema katika kampuni ya madini ya bati ya Symétain kabla ya kwenda Stanleyville mwaka 1944, alikataliwa alipoomba mara ya kwanza. Alikubaliwa mwaka 1954 baada ya kukata rufaa. Wakati huohuo vituo vya maendeleo ya akina mama vilivyofunguliwa katika miji ya Kongo ya Wabelgiji viliwafunza wake za makarani kushona vitambaa vya viti, kupanga sebule na kupamba meza.

Katika nuru hiyo fotei ya miaka ya 1950 inasomeka kama karatasi ya majibu. Mwenye nyumba hakuinunua ili akae, bali ili ionekane kwamba anajua kukaa. Kuna nyumba nyingi, si Kindu peke yake, ambamo viti vya saloni bado hufunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, na watoto hukatazwa kuvikalia mpaka aje mgeni. Tabia hiyo huchekwa kama ushamba. Ingefaa isomwe kama kumbukumbu ya ukaguzi: mgeni anayesubiriwa na viti vile, hapo mwanzo, alikuwa na daftari mkononi.

Na palikuwa na aliyesimama. Nyumba ya Mzungu yenye sofa ilikuwa pia nyumba yenye boi, na boi aliijua sofa kuliko bwana wake, kwani ndiye aliyeifuta vumbi, aliyeisogeza na aliyeinama kuipitishia sinia, bila kuikalia. Historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha Katanga, na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, ni historia ya ukoloni iliyotazamwa kutoka jikoni. Maniema haina maandishi ya namna hiyo yanayofahamika kwa wasomaji wa Kiswahili. Ni pengo ambalo wanafunzi wa Kindu wanaweza kulijaza wakati wazee waliofanya kazi hizo wangali wachache walio hai, na swali la kuanzia linaweza kuwa jepesi sana: ulipokuwa peke yako nyumbani, ulikaa wapi?

Mwaka uleule wa 1948, serikali iliyoleta kadi ya sifa ya kiraia ilipiga marufuku chama cha Bwami cha Walega, ambao nchi yao inaanzia mashariki ya Kindu kuelekea Pangi na Shabunda. Mara chache matukio haya mawili hutajwa pamoja, na ni kosa kutoyataja pamoja. Bwami nacho kilikuwa ngazi ya heshima, yenye daraja zinazopandwa kwa miaka mingi, kwa mali, kwa msaada wa jamaa na kwa kufundishwa maadili. Nacho kilikuwa na kiti chake. Kisumbi ni kigoda kifupi kilichochongwa kutoka gogo moja, chenye sahani ya kukalia juu na nyingine chini, zikiunganishwa kwa miguu minne iliyopinda kama magoti. Kilikuwa mali ya watu wa daraja za juu. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Walega katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1973, alionyesha kwamba vitu vya Bwami havikuwa mapambo: kila kimoja kiliambatana na misemo, na maana yake ilibadilika kwa kadiri ya msemo uliotamkwa, mtu aliyekishika na wakati wa sherehe. Kwa lugha ya wahakiki, kilikuwa matini isiyosomwa bila mfasiri. Basi mwaka mmoja ulishuhudia ngazi moja ikikatwa pamoja na viti vyake, na ngazi nyingine ikisimikwa pamoja na vyake. Tofauti ni kwamba katika ngazi ya kwanza mtu alipewa kiti baada ya kufunzwa, na katika ya pili alitakiwa anunue kiti ili ithibitike kwamba amefunzika.

Visumbi vingi sasa vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, pamoja na viti vya mabwana wa Kiluba na Kihemba kutoka kusini zaidi, ambamo sanamu ya mwanamke huibeba sahani ya kukalia kwa vidole vyake. Maarufu kati ya hivyo ni vile vya msanii wa Buli, karibu na mto Lualaba; kimoja kiko London na kingine New York. Vimewekwa ndani ya vioo, na havikaliwi na mtu.

Hapa ndipo hoja ya kasumba inapodhoofika. Imekuwa desturi, hasa katika uhakiki uliotawala vyuo vya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, kuona katika samani za Kizungu ndani ya nyumba ya Mwafrika dalili ya akili iliyotawaliwa. Hoja hiyo ina haki yake. Lakini inadhani kwamba kuna samani ambazo ni za Kizungu tu, na hilo si kweli kwa mtindo unaozungumzwa. Maonyesho ya Tervuren ya mwaka 1897, ambapo mfalme Leopold wa Pili aliitangaza Kongo yake kwa Wabelgiji, yalipambwa na Henry van de Velde, Paul Hankar, Gustave Serrurier-Bovy na Georges Hobé kwa samani za mbao za Kongo, na usasa wa Ubelgiji ukapata hapo moja ya hatua zake za kwanza. Katika miaka ya 1920 Pierre Legrain aliwachongea matajiri wa Paris vigoda vilivyofuata vya Afrika waziwazi. Vigoda vya mti wa jozi vilivyotolewa mwaka 1960 na Charles na Ray Eames huhusishwa na vigoda vya Afrika walivyokuwa navyo nyumbani kwao California. Jules Wabbes wa Brussels alijipatia jina kwa meza nzito za wenge, mti wa misitu ya Kongo na jirani zake. Mti huohuo ndio uliowapa jina vijana wa Kinshasa waliounda bendi ya Wenge Musica mwaka 1981, ambao wameutangaza kuliko wauza mbao wote. Afrormosia, mti wa misitu ya Kisangani uliotumiwa na mafundi wa Uingereza badala ya msaji, ulichukuliwa kwa wingi mno hata biashara yake ikawekewa udhibiti wa kimataifa mwaka 1992. Kwa ufupi, mtu wa Kindu anayeitazama sofa ya mtindo huo katika picha anatazama, kwa sehemu, msitu wake na vigoda vya babu zake vikirudi vimenyooshwa.

Vilirudi lakini bila mwaliko. Katika maonyesho ya Brussels ya mwaka 1958, ambayo yalikuwa sherehe kuu ya usasa huo, Wakongomani waliwekwa katika kijiji cha kuigiza ili watazamwe, na baadhi yao waliondoka kabla ya wakati kwa sababu ya matusi ya watazamaji. Miaka michache baadaye, siasa ya uhalisia ya Mobutu ilibadili jina la nchi, majina ya watu na kola za mashati. Tai ilipigwa marufuku, kochi halikuguswa. Hata mwanamapinduzi hupenda kuegemea.

Kwa hiyo sofa ya pembe isihukumiwe kwa asili yake bali kwa namna inavyoketisha watu, na kwa kipimo hicho ina sifa moja kubwa na kasoro mbili.

Kasoro ya wazi ni ngozi. Kindu iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, kando ya mto mpana na karibu na msitu. Hewa yake ni nzito kwa unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ngozi ya ng'ombe katika hewa hiyo huota ukungu mweupe chini ya mito na hushikana na mgongo wa aliyeikalia. Wala si kitu cha mahali: mbung'o na ugonjwa wa ndorobo vimezuia ufugaji wa ng'ombe katika sehemu kubwa ya msitu wa Maniema, na ngozi iliyokuwa na hadhi ya kukaliwa au kuvaliwa na wakubwa ilikuwa ya chui. Ngozi ya kweli huja kwa ndege, au kwa reli iliyofika Kindu tangu miaka ya 1910 na ambayo leo garimoshi lake halina ahadi. Kwa sababu hiyo nyingi ya sofa zinazoitwa za ngozi ni za skai, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki, ambacho baada ya misimu michache hupasuka na kubanduka kama magamba ya samaki. Fundi seremala wa Kindu anajua hili vizuri, ila mteja anapoleta picha, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fremu za henzerani na za mbao ngumu zilizowekewa mito ya kitambaa, ambazo mafundi haohao huzitengeneza kwa bei nafuu, zinapitisha hewa na kutengenezeka zikivunjika. Katika kipimo cha umbuji pekee, yaani ulinganifu wa kitu na mahali kilipo, henzerani inaishinda ngozi bila ubishi.

Kasoro ya pili haionekani mpaka mkwe aingie. Saloni ya zamani ilikuwa na fotei za mtu mmoja mmoja, na mpangilio wake uliweza kusomwa: mwenye nyumba alikaa akiuelekea mlango, mgeni wa heshima alipewa kiti kilicho mbali na njia, vijana walikaa kwenye viti vya mbao karibu na mlango, na mkwe aliachiwa nafasi ambayo heshima inaidai. Kisumbi kilikuwa na adabu hiyo kwa ukamilifu, kwani kigoda cha mtu mmoja hakina jirani. Kiti cha enzi cha Pwani kilikuwa nayo pia: mti mweusi, mgongo ulionyooka, nyuzi zilizosukwa na vipande vya pembe za ndovu vilivyopachikwa, kitu cha kumwinua mgeni na kumtenga. Pembe za Maniema ndizo zilizozileta bunduki na misafara hadi Nyangwe na Kasongo. Nyingi zilipitia Zanzibar kwenda kuwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi ng'ambo, na mafundi wa Pwani walipata sehemu yao ndogo. Kiti cha pembe cha karne ya 19 na kiti cha pembe cha leo vinashiriki jina kwa bahati ya lugha, na katika adabu vinapingana kabisa. Sofa haimtengi mtu. Mto wake ni mmoja, na anapokaa mmoja upande huu, yule wa upande wa pili huinuka kidogo. Mkwe aliyeyumbishwa na kikao cha mkwewe hatasahau upesi.

Sifa yake ni ileile iliyodokezwa mwanzoni. Katika mji ambamo chumba kimoja hupokea mjumbe wa posa, mdai, mwalimu wa mtoto na jamaa aliyetoka Kasongo kwa baiskeli, kutazamana kwa mraba ni msaada. Anayeomba fedha hamkabili anayeombwa. Mume na mke wanaosuluhishwa wanaweza kuyaelekeza macho kwenye meza ndogo iliyopo kati, au ukutani. Na ukutani, kwa kawaida, pana la kutazamwa. Picha za kuchora zilizotundikwa katika sebule za Shaba katika miaka ya 1970, ambazo akina Tshibumba Kanda Matulu walizitia katika fungu waliloliita ukumbusho, na zile za mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki mwenye utajiri na hatari, zilichorwa ili zitazamwe na watu waliokaa. Ukubwa wake, rangi zake na maandishi yake vililingana na umbali kutoka kwenye fotei hadi ukutani. Televisheni imechukua nafasi hiyo katika nyumba nyingi, na sofa ya pembe imegeuzwa kuielekea. Hapo mraba wake unakuwa haufanyi kazi yoyote, kwani wote wanatazama upande mmoja kama abiria. Fani ni ileile, kikao si kilekile. Mhakiki anayeilaumu sofa kwa kuua mazungumzo anakosea shabaha kwa mita mbili.

Inasalia siku ambayo sofa haiwezi kabisa kuitumikia nyumba. Msiba ukitokea, chumba hutolewa samani na hutandikwa mikeka, na wanawake wa matanga hukaa chini kwa siku zinazotakiwa. Hakuna kinachokalika kwa heshima juu ya kimo cha mfiwa. Sofa nzima haipiti mlangoni; ndipo Probber anapofaa. Vijana huilegeza skrubu za chini, huitenga vipande vitatu, huvibeba kwa ubavu mpaka nje, na huviweka chini ya paa la barza ambapo wanaume watakesha. Hapo hakuna pembe ya kujazwa. Vile virefu viwili huegemezwa kwenye kuta mbili, kimoja kikikielekea kingine kama mabaraza ya mawe ya nyumba za Lamu na Unguja, na kile kipande cha katikati, ambacho kina migongo miwili na nafasi ya mtu mmoja tu, huachwa kichwani pa barza kwa ajili ya mzee.